Shahidi wa Kipande cha Tano

Jumapili, 1 Mei

Lichhma amekuwa nyapara! Binti yangu, niliyemzaa mimi Dhapu, ndiye nyapara wa bwawa jipya, na watu hamsini watachimba pale atakapoonyesha yeye. Haya, sasa nikuamkie, daftari. Hujambo. Kwenye mafunzo mjini walimpa madaftari mawili, moja la kazi, la pili akaniletea mimi. "Andika, Mama. Ulifika darasa la tano, usiziache herufi zikaote kutu." Basi naandika.

Kijiji hiki hakijawahi kuwa na nyapara mwanamke, sembuse msichana wa miaka ishirini. Tangu serikali ilete kazi ya kulipwa ya siku mia kwa mwaka, nyapara alikuwa Harlal, kaka mkubwa katika ukoo wa mume wangu. Alipima kwa jicho, na jicho lenyewe mara nyingi lilikuwa limefumba. Mwaka huu wakasema anayetaka unyapara afanye mtihani. Harlal akasema hafanyi mtihani na watoto. Mtoto akaufanya.

Jina langu Dhapu maana yake "tumeshiba". Nilikuwa binti wa tano, wazazi wakaona sasa imetosha. Wangu mimi nilimpa jina la mungu wa kike wa neema siku ile ile, kabla mtu hajafungua mdomo. Sijisifu, naandika tu ilivyokuwa.

Nimempigia simu baba yake kule kiwandani Surat. Amesema "vizuri" mara tatu. Kwa mwanamume yule, hiyo ni hotuba.

Jumatatu, 2 Mei

Siku ya kwanza. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi, tukaitwa majina. Watu watano watano, vipande kumi, vyote kwa kura. Kundi letu, nyapara aliliita la mwisho. Likabaki karatasi moja ndani ya karai: kipande cha tano, kile cha moramu, udongo mgumu wa changarawe, na mawe.

Kesar, mke wa kaka wa mume wangu, yuko kundi moja na mimi. Akatazama chini, akanitazama mimi.

"Mama Lichhma, huyu umemnyonyesha kweli?"

"Miaka miwili na nusu, dada."

"Basi maziwa yalikuwa machungu."

Kila kundi linaacha nguzo ya udongo katikati ya kipande chake, unene wa mtungi mkubwa, na nyasi zake juu hivyo hivyo. Tunaiita shahidi. Udongo wote ukishaondoka, ndiyo inayobaki kuonyesha ardhi ilifika wapi, na mpimaji hupima kuanzia penye nyasi mpaka chini. Nyasi zisipokuwepo huwezi kujua nani ameongeza udongo. Enzi za Harlal mashahidi walikuwa wakirefuka kama watoto wa shule.

Lichhma alisimama juu ya tuta na shela lake la shule kichwani, akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani: "Shahidi haguswi na mtu mpaka siku ya mwisho!" Nilitazama huku na huku kuona kama wote wamesikia. Walikuwa wamesikia.

Jumanne, 3 Mei

Joto. Mawe.

Alhamisi, 5 Mei

Mapumziko ya wiki. Nimefua, nimesuka mkeka, nimepitia nyumba tatu kutafuta kamba ya kuazima. Katika nyumba zote tatu mazungumzo yalifika kwa Lichhma yenyewe, sikuyasukuma. Labda nyumba ya pili.

Jumanne, 10 Mei

Nilimwambia Lichhma, tukila mikate ya uwele na vitunguu, kwamba kundi la kipande cha pili wana udongo laini kama unga, na wangeweza kubadilishana nasi wiki moja moja.

"Mama, ilikuwa kura."

"Kura uliipanga wewe."

"Ndiyo maana nilikuita mwisho."

Nikamwambia kwamba Harlal angalau alijua ndugu ni nani. Akanawa mikono, akaenda kukagua mtungi wa maji wa kesho.

Jumatatu, 16 Mei

Mpimaji wa serikali amekuja, bwana Purohit, mtu mnene, mpole, viatu vyake vipya. Vipande vyote vimepimwa. Chetu ndicho chenye kina kidogo kuliko vyote, na malipo hufuata kipimo. Kesar amesema hataki kuzungumza, kisha amezungumza mpaka nyumbani.

Alhamisi, 19 Mei

Upepo wa moto tangu asubuhi. Mbuzi hawakutoka.

Jumatano, 25 Mei

Lichhma ameanguka kazini. Alikuwa akihesabu watu saa nne, akaanza tena, akaanza tena, kisha miguu ikakunjika. Tulimbeba kivulini, tukammwagia maji, tukamnywesha mtindi wenye chumvi. Wauguzi wa zahanati wanasema ni jua.

Jua! Mtoto huyu amezaliwa juani. Mimi najua nimepita nyumba ngapi na mdomo wangu huu. Najua nani alinyamaza nilipotaja mtihani, nani aliinamisha kichwa. Kwenye kibanda cha chai cha Harlal walimwita "Bibi Mpimaji" wakacheka. Jicho la husuda linaanguka mahali. Limemwangukia mwanangu.

Alhamisi, 26 Mei

Naandika hili hapa na sitalisema popote.

Mchana, bwawani hakuna mtu. Nilichukua poda nyekundu, nikaichanganya na mafuta ya ufuta kama tunavyompaka mungu mlinzi Bheruji kwenye jiwe lake kule njia panda. Nilipita kijitoni nikachagua jiwe la mviringo. Nikashuka kwenye kipande chetu, nikampaka shahidi nyekundu upande wa mashariki, jiwe nikaliweka juu yake na kulipaka nalo, nikafunga uzi. Nikasema: mwangalie huyu mtoto, yuko hapa kwa kazi ya watu, jicho lolote likutane na wewe kwanza.

Nilichagua shahidi kwa sababu ndicho kitu pekee kilichokatazwa kuguswa. Nilidhani mtu hatakitazama sana.

Ijumaa, 27 Mei

Kesar alikuwa wa kwanza kushuka. Alipiga kelele nikadhani ni nyoka.

"Bheruji! Bheruji ametoka ardhini! Njooni muone, ametoka kwetu!"

Wanawake wa vipande vyote walikuja mbio, makarai vichwani. Wakajitupa chini. Mtu akauliza nani amempaka, Kesar akasema kwani mungu anapakwa na nani, amekuja hivyo hivyo. Kisha akaonekana Lichhma juu ya tuta, anatembea, mzima, na daftari lake. Basi hapo ikawa imethibitika.

Lichhma alishuka, akatazama jiwe, akautazama uzi muda mrefu. Akasema, "Kazini."

Mimi nilikuwa na nafasi ya kusema. Lakini Kesar alikuwa amenishika mkono, analia kwa furaha, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kura kipande cha tano kilikuwa kipande cha kuonewa wivu. Nikalia naye.

Jumapili, 29 Mei

Nazi mbili, nafaka, maua. Kila anayekuja anaongeza poda na mafuta, na wengine wanabandika udongo ili jiwe lisianguke. Hakuna anayetaka kupiga sururu karibu. Tumeacha duara zima halijachimbwa, hatua mbili kila upande.

Jumanne, 31 Mei

Bwana Purohit amerudi. Alivua viatu vyake vipya mbali, akashuka pekupeku akirukaruka kwa joto, akaweka kipimo juu ya jiwe kwa heshima. "Kipande cha tano kinaongoza!" Wanawake wakapiga vigelegele.

"Bwana," Lichhma akasema, "hapo si pa kupimia. Nyasi ziko chini ya hayo yote."

"Binti, unataka nimvue mungu nguo?"

"Nataka upime kutoka kwenye nyasi."

"Mimi nina watoto wadogo."

Akampa karatasi atie sahihi. Hakutia. Nyapara asipotia sahihi, kipimo hakihesabiki. Bwana Purohit alisugua nyayo, akaandika kwamba kipande cha tano hakijapimwa, yaani kundi letu tungoje malipo. Kisha akasema kwa sauti ya upole, maana hana nyingine, kwamba atakuja mara ya mwisho tarehe 20 Juni. Siku hiyo mashahidi wote wapimwe na wakatwe. Akimkuta hata mmoja amesimama, ataandika kuwa bwawa halijakamilika, kazi ya barabara ya kitongoji chetu, inayofuata bwawa, haitafunguliwa, na nyapara atabadilishwa.

Harlal alikuwa juu ya tuta, amekuja kumwona Bheruji. Akasema, "Mimi nipo."

Jumatano, 1 Juni

Kesar na wenzake wawili hawakumjibu Lichhma alipoita majina. Aliwaandika wapo, kwa sababu walikuwepo.

Ijumaa, 3 Juni

Nimemwambia: tia sahihi tu, mwanangu, mtu mmoja hawezi kugombana na kijiji na mungu siku moja. Amesema hagombani na mungu, anatafuta nyasi.

Mkaidi kama bibi yake mzaa baba.

Jumanne, 7 Juni

Harlal amesema kwenye kibanda cha chai kwamba akirudishiwa kazi atajenga jukwaa katikati ya bwawa na kihekalu juu yake, na yeye mwenyewe atakitunza. Watu wanaona ni wazo zuri. Nimeuliza maji yatakaa wapi. Nimeuliza kimoyomoyo, maana mke haongei mbele ya wakubwa wa mumewe, nami siongei mbele ya Harlal. Tangu nilipoolewa, miaka ishirini na tatu, nikimwona nashusha shela usoni, na nikiwa na neno nampa Kesar alipeleke.

Alhamisi, 9 Juni

Wingu moja upande wa kusini. Likaondoka.

Jumamosi, 11 Juni

Watu hawanywi tena kwenye mtungi anaoujaza Lichhma. Kila mmoja anakuja na chupa yake. Yeye anaujaza kila asubuhi vilevile, na saa saba anaumwagia mche wa mwarobaini alioupanda kwenye tuta. Mche unanawiri.

Jumatatu, 13 Juni

Nilimtazama leo akipima kipande cha saba. Alimwita yule mama mwenye mguu mbovu, akamwonyesha namba kwenye futi mpaka akaisoma mwenyewe. Harlal hakuwahi kumwonyesha mtu namba. Nilikuwa sijawahi kumtazama akifanya kazi. Nilikuwa nikitazama wanaomtazama.

Jumanne, 14 Juni

Hakuna la kuandika. Yaani liko.

Alhamisi, 16 Juni

Nilikwenda bwawani mchana peke yangu, nikasimama mbele ya kile kitu. Kimenenepa. Nilijaribu kukiambia kiondoke chenyewe, kama kilivyokuja. Kisha nikakumbuka kilivyokuja.

Jumamosi, 18 Juni

Mawingu mpaka saa tisa. Matone matano, niliyahesabu kwenye kizingiti. Mvua ikija kabla hatujafunga, moramu yote ya tuta itarudi ndani.

Jumatatu, 20 Juni

Bwana Purohit alifika saa mbili na pikipiki. Kijiji kizima kilikuwa juu ya tuta, hata wasiochimba. Alianza kipande cha kwanza: akapima, akaandika, Lichhma akatia sahihi, watu wa kundi wakamkata shahidi wao kwa majembe matatu akaanguka. Cha pili, cha tatu, cha nne. Cha tano wakakiruka. Cha sita mpaka cha kumi, vivyo hivyo. Saa nne bwawa zima lilikuwa bapa, na katikati ya kipande chetu imesimama nguzo nyekundu, kimo cha kifua changu, na shanga, na maganda ya nazi.

"Haya," bwana Purohit akasema, akatazama viatu vyake.

Hakuna aliyesogea. Lichhma akachukua jembe letu, akashuka.

"Usithubutu!" Kesar akapaza sauti. "Nyapara, mwanangu, usithubutu, utakufa bila mtoto!"

"Mama mkubwa, sogea."

"Sisogei!"

Harlal akacheka kidogo. "Mwacheni akate. Tuone."

Niliona mikono ya Lichhma kwenye mpini. Ilikuwa imetulia. Nikaelewa kwamba atakata, na kwamba tangu leo likimpata lolote, homa, ndoa kuvunjika, ng'ombe kukauka maziwa, wataelekeza kidole hapa. Na kidole hicho kitakuwa changu, niliyeiweka nyekundu ile ili wasimwelekezee.

Nikashuka. Shela lilikuwa usoni, sikuona vizuri, niliteleza kidogo. Nikasema, "Hakuna aliyetokea hapa. Nilimpaka mimi."

"Nani huyo anasema?" Harlal akauliza. Aliuliza kweli. Hakuwahi kuisikia sauti yangu.

Kesar alikuwa amefungua mdomo. "Ni mama Lichhma," akamjibu, polepole.

"Ni mimi, kaka mkubwa. Dhapu. Jiwe nimelitoa kijitoni, pale tunapofulia. Mafuta ni ya ufuta, ya nyumbani kwangu, chupa yangu imepungua. Ilikuwa Alhamisi, mchana. Mwanangu alikuwa ameanguka, nikaogopa macho ya watu. Mmekuwa mkiabudu woga wangu."

"Dhapu!" Kesar akasema. Miaka mingi hajaniita jina hilo tupu. "Mimi nimevunja nazi tatu hapa!"

"Zilikuwa nazi nzuri, dada."

"Tatu!"

Mtu juu ya tuta akaanza kucheka, kisha wawili, kisha nikaacha kusikiliza. Nikaliinamia jiwe nikaliomba radhi, maana nilikuwa nimeliahidi kazi, na si kosa lake. Nikalibeba mpaka juu, nikaliweka penye mche wa mwarobaini. Nikarudi, nikachukua jembe mkononi mwa Lichhma, nikakwangua. Poda, udongo, mafuta, udongo tena. Chini yake nyasi zilikuwepo, za manjano, zimelala zote upande mmoja.

Lichhma akaweka kipimo juu ya nyasi. Alisoma mara mbili.

"Pungufu vidole vinne. Na duara halijachimbwa."

Bwana Purohit akamsogelea. "Binti, mama yako kakuokoa sasa hivi mbele ya kijiji."

"Ndiyo, bwana. Pungufu vidole vinne."

Mbele ya watu wote! Mama yake mzazi, jembe bado mkononi! Sijawahi kujivuna hivyo maishani, na sikuwa na wa kumwambia, wote walikuwa wameona.

Bwana Purohit akatazama wingu, akatazama saa, akasema anakwenda kunywa chai, na chai yake huchukua mpaka saa saba.

Kesar ndiye aliyeanza. "Nipeni sururu! Nipeni sururu nipige ardhi kabla sijampiga mtu!" Akapiga duara lile kila pigo na nazi yake: moja, mbili, tatu, halafu upya. Wakashuka watu wa kipande cha sita, kisha wa cha pili na mikono yao laini. Yule mama mwenye mguu mbovu alikaa ukingoni kushikilia mwisho wa futi. Saa saba kasoro, Lichhma akapima mara ya tatu. Ikafika. Akatia sahihi. Shahidi nikamkata mimi.

Bwana Purohit alipiga picha ya bwawa kwa simu. Lichhma yuko katikati, shela limepinda. Harlal hayumo. Alikuwa amekwenda kukaa kibandani.

Jumanne, 21 Juni

Nilimuuliza Lichhma kama amenikasirikia. Alikuwa anachambua dengu.

"Nilijua tangu siku ile, Mama. Ule uzi uliuchana kwenye pindo la shela langu la shule."

"Ulijua! Na hukusema? Wiki tatu wanakutenga, hata maji yako hawanywi!"

"Ningesema nini? Kwamba mama yangu ni mwongo? Nilitaka useme mwenyewe."

"Na kama nisingesema?"

"Ningekata."

Akaendelea kuchambua. Nikamsaidia. Mawe yalikuwa mengi kuliko dengu.

Alhamisi, 23 Juni

Harlal amepita mlangoni. Nikashusha shela. Akasimama, akakohoa, akasema, "Dhapu, maji yapo?" Nikamjibu mwenyewe kwamba yapo. Kesar hakuhitajika.

Jumamosi, 25 Juni

Mvua. Saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Tuta limeshika.

Jumapili, 26 Juni

Mvua. Nimeandika neno hili mara mbili kwa sababu ni zuri.

Jumatatu, 27 Juni

Tulikwenda kutazama wote. Maji yamefika magotini, ya rangi ya chai. Kipande cha tano ndicho chenye kina kuliko vyote, kwa sababu siku ile wenye hasira walichimba bila kupima. Kesar ameshaweka ua kwenye lile jiwe la mwarobaini. Nilimuuliza, si nilikwambia lilikotoka?

"Uliniambia. Lakini limeniona nikichimba."

Nami nikaliinamia kidogo. Haigharimu kitu.

Barabara ya kitongoji imekubaliwa, wataanza mvua zikipungua, nyapara ni yule yule. Baba yake amesema "vizuri" mara nne na anapanda treni keshokutwa. Kabla ya kazi ya barabara ni kuyapokea maji: wanawake wote, kila mmoja na mtungi wa shaba na uzi mwekundu, nyimbo, mkate mtamu wa samli. Nimetuma habari kwa dada zangu wanne, kwa bwana Purohit (aje na viatu vya zamani), kwa Harlal pia, na nimemwambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Lichhma amekataa kukaa mbele. Atakaa mbele. Ni siku ya mapumziko, hakuna mwenye kisingizio: Alhamisi hii, tarehe thelathini, saa tatu asubuhi, kwenye ngazi ya udongo ya kushukia kipande cha tano.